Kamba ya Mlango wa Adija

Nani aliufunga mlango wa Adija kwa nje?

Swali hilo lilinipokea stendi ya Kasulu, Jumatano moja ya mwezi Julai mwaka 1997, nikiwa ndiyo kwanza nimeshuka kwenye basi la Kigoma na sanduku langu la bati likiwa bado miguuni pangu. Nilikuwa nimekaa siku mbili na nusu ndani ya treni kutoka Dar es Salaam, nikiiwaza chai ya maziwa ya Adija kama mtu anavyouwaza mlango wa kwao. Tangu nilipoanza Chuo Kikuu, kila likizo nilikula kwake kwanza, ndipo nikapanda gari la Kibondo. Sasa mahali pa mgahawa wake zilisimama kuta nne nyeusi. Mabati ya paa yalikuwa yamejikunja kama majani ya mgomba yaliyokauka. Mlango ulikuwa umelazwa juu ya vumbi jekundu mbele ya kizingiti: upande wa ndani umeungua hadi kwenye fremu, upande wa nje rangi yake ya buluu ikiwa nzima.

"Ni jiko, sista," mpiga debe mmoja aliniambia kabla sijamuuliza lolote. "Jiko la mkaa. Alisahau kulizima."

"Na mwenyewe yuko wapi?"

Alitupa jicho kwenye pikapu nyeupe iliyoegeshwa kivulini, kisha akaanza kuita abiria wa Makere kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Aliyenijibu ni mwanamke muuza karanga, bila kuinua uso kutoka kwenye ungo wake. Adija alikuwa amelala ndani. Moto uliwaka kabla ya adhana ya alfajiri. Watu walifika na ndoo, wakamsikia akigonga, lakini mlango haukufunguka. Angezikwa adhuhuri.

"Haukufunguka kwa nini, mama?"

"Ulikuwa umefungwa."

"Na nani?"

"Mwanangu," alisema, akizipepeta karanga ambazo hazikuwa na ganda hata moja, "wewe ni mtoto wa watu. Nenda kazike."

Aliyekuwa akitawala stendi ile nilimfahamu tangu alipokuwa kuli wa kupakia magunia. Jina lake Gharibu. Nilisoma sekondari ya bweni hapo hapo Kasulu, na sisi wanafunzi tulikuwa tukimwona akibeba magunia mawili ya maharage kwa mkupuo mmoja huku akitutania. Mwishoni mwa mwaka 1993 vita vya ng'ambo viliwaleta maelfu ya watu wilayani kwetu kwa majuma machache tu, na nyuma yao yakaja malori ya unga, mahema, madereva, walinzi, na fedha ambazo mji ule ulikuwa haujapata kuziona. Gharibu aliona nafasi yake kabla ya mtu mwingine yeyote. Yeye na makuli wenzake watano walijitolea kulinda mizigo iliyolala stendi, wakajiita Kamati. Wenye vibanda walishukuru. Baada ya miezi mitatu ilibainika kwamba vibanda vinavyovunjwa ni vya wale tu wasioilipa Kamati, lakini wakati huo hakuna tena aliyekuwa tayari kulisema jambo hilo kwa sauti.

Kutoka kwenye ulinzi waliingia kwenye bangi. Ililimwa ndani kabisa ya misitu, ikakaushwa, ikashindiliwa kwenye madebe ya asali na kufunikwa kwa nta. Juu ya nta ikamiminwa asali halisi, vidole viwili, ili askari wa kizuizini akifungua debe aone kile anachotarajia kuona. Kisha zikaja bunduki, kwa sababu ng'ambo ya mpaka zilikuwa zikiuzwa kwa bei ya mbuzi. Mwenye duka la vitenge aliyekataa kuwawekea mzigo alivunjwa vidole vya mkono anaopimia nguo. Kondakta Niyonkuru, aliyeyahesabu madebe yao mbele ya abiria na kuuliza ni asali ya nani nyingi kiasi hicho, aliokotwa kando ya daraja la Malagarasi, kitabu chake cha tiketi kikiwa kimesokomezwa kinywani.

Hata hivyo, kilichonitisha zaidi ni kwamba Kamati ilihudhuria mazishi. Ilileta mchele, ikaagiza jeneza, na Gharibu, ndani ya shati jeupe lililopigwa pasi, akasimama kusoma rambirambi kwa Kiswahili safi cha redioni. Matanga ya Niyonkuru nilikuwepo. Wali ulipakuliwa, tukala. Mimi pia nilikula, na ulikuwa mtamu.

Adija hakula. Mwezi Juni, katika kikao cha wafanyabiashara wa stendi, alisimama akasema kwamba ameambiwa aweke madebe chini ya meza yake ya chapati, kwamba amekataa, na kwamba wengine humu ndani wanayo. Hakumtaja mtu. Kikao kilivunjika bila yeyote kufunga kwa sala.

Lazima niseme hapa jambo ambalo wakati ule nilikuwa silisemi hata moyoni. Kaka yangu Havyarimana, tunayemwita Havya, alianza kuiendeshea Kamati gari mwaka 1995. Nyumbani alisema anasafirisha asali. Sisi ni watu wa asali: baba yetu, Kipriani Nizigiyimana, alivuka kutoka Burundi mwaka 1972 akiwa na mke, shoka moja na ujuzi wa kuchonga mizinga, na hapo Kumsenga, wilayani Kibondo, akaishi kwa ujuzi huo hadi akapewa karatasi ya uraia, ambayo huihifadhi ndani ya kopo la maziwa ya unga. Mama alifariki nikiwa darasa la sita. Sanduku langu la bati, viatu vyangu na koti langu la baridi alivinunua Havya. Sikuwahi kuuliza ni asali ipi inayoweza kununua vyote hivyo. Nilikuwa mwanafunzi wa sheria, mwaka wa pili. Nilikuwa nimeandika kurasa kumi na nne juu ya haki ya shahidi kulindwa, na nikapata alama nzuri.

Wanaume walipolibeba jeneza kwenda makaburini, sisi wanawake tulibaki nyumbani kwa marehemu. Zena, mdogo wake Adija, aliniita chumba cha nyuma. Kwenye kona palikuwa na gunia la mchele ambalo halijafunguliwa.

"Wamelileta asubuhi," alisema alipoona nalitazama. "Nikiupika, nimekubali kuwa ni jiko. Nisipoupika, mlango unaofuata ni wangu. Gharibu ameniambia, kwa upole kabisa, kwamba atakuja kunijulia hali baada ya arobaini."

"Zena, nenda polisi."

"Nimekwenda. Mpelelezi anakuja kutoka Kigoma Jumatatu. Amepiga simu, amesema niitunze." Alifungua pindo la khanga yake. "Dada Vestina, wewe ni wa Kibondo. Nyinyi ndio watu wa msituni. Hii ni nini?"

Kilikuwa kipande cha kamba chenye urefu wa mkono, kimekatwa kwa panga pande zote mbili, na katikati yake pana fundo. Kamba ya magome ya muyombo, iliyosokotwa kwa mkono.

"Mlango wa dada una pete mbili za kutilia kufuli kwa nje," Zena aliendelea. "Kufuli halikuwepo. Kulikuwa na hii. Wanaume walivuta. Kadiri walivyovuta ndivyo fundo lilivyozidi kukaza. Hadi panga lilipopatikana, dada alikuwa ameacha kugonga."

Kwetu kila ukoo wa wafuga nyuki una namna yake ya kuufunga mzinga kwenye tawi, ili mwenye mali ajulikane hata alama ya shoka ikifutwa na mvua. Fundo letu huzungushwa mara tatu, kisha mkia wa kamba hurudishwa chini ya mzunguko wa kati. Mzinga ukijaa na kuwa mzito, fundo hujikaza. Ukilivuta unalizidishia nguvu. Hufunguliwa kwa kusukumwa na kidole gumba mahali pamoja tu, na mahali hapo panajulikana na watu watatu duniani: baba, Havya na mimi.

Niliihesabu mizunguko. Ilikuwa mitatu. Mkia ulipita chini ya mzunguko wa kati. Kisha nikaona kitu kilichonipa pumzi: mizunguko ilikwenda kinyume. Baba hufunga kuelekea kulia, na mimi hufunga kuelekea kulia kama alivyonifundisha. Hili lilielekea kushoto. Basi labda ni la watu wengine, nilijiambia. Labda kuna ukoo fulani kule Murungu unaofunga kama sisi lakini kwa kugeuza. Kwa mara ya kwanza maishani nilimshukuru Mungu kwa kutojua jambo.

"Sijui, Zena," nilisema. "Niachie nikaulize nyumbani."

Alikuwa na miaka kumi na tisa na macho ya mtu aliyekwisha kuzeeka tangu alfajiri. "Mpelelezi amesema kamba isiyo na mtu wa kuieleza ni kamba tu. Chukua. Lakini Jumatatu urudi nayo, dada. Usinifanye nionekane mwendawazimu."

Havya alinikuta stendi saa nane. Pikapu nyeupe ilikuwa yake.

"Mheshimiwa hakimu!" aliita, akinikumbatia mbele za watu. "Umekonda. Huko Mlimani mnakula vitabu?"

Alinukia moshi. Kwa mtu mwingine ingekuwa dalili. Kwetu ndiyo harufu ya nyumbani. Anayerina asali hunukia moshi mwaka mzima, na mimi nililala utotoni mwangu wote kati ya mashati yenye harufu hiyo. Niliivuta kifuani nikasikia kana kwamba nimefika.

"Adija amekufa," nilisema.

"Nimesikia. Majiko haya ya mkaa ni noma." Alinyanyua sanduku langu akaliweka nyuma ya gari, kati ya madebe. "Ngoja nilifunge, barabara ya Makere imeharibika."

Alichomoa kamba ya muyombo kutoka chini ya kiti. Nilisimama pale juani nikamtazama. Alizungusha mara moja, mara mbili, mara tatu. Mkono wake wa kushoto, ule ambao mwalimu wa darasa la kwanza aliupiga fimbo hadi akachoka, uliirudisha kamba chini ya mzunguko wa kati bila yeye kuuangalia. Huku akifunga alikuwa akizungumza nami juu ya mechi ya mpira. Mikono yake haikujua fundo jingine.

Alipomaliza alilipiga fundo kofi. "Hapo hata tembo hafungui," alisema.

Tulisafiri bega kwa bega, mkoba wangu mapajani, kamba ya Zena ndani ya mkoba. Tulipita Makere, tukapita msitu ambao wakati ule wa kiangazi ulikuwa umeanza kupukutika. Kwenye kizuizi cha kwanza askari alifungua debe moja, akachovya kidole, akalamba, akatupungia mkono tupite. Havya aliimba kidogo. 

Kabla ya daraja la Malagarasi alisimama kuongeza maji kwenye rejeta. Nilishuka nikaiinua kamba mbele ya uso wake.

Hakuuliza ni nini. Aliliweka dumu chini taratibu.

"Nani amekupa?"

"Ni wewe, Havya?"

"Vesti, sikiliza..."

"Ni wewe?"

"Niliambiwa hayumo." Alisema kwa haraka, kama mtoto aliyekuwa amelikariri jibu lake. "Nakuapia kwa mama. Gharibu alisema Adija amekwenda Nyakitonto kwa shangazi yake, tunamchomea banda tu, apate akili. Banda tupu. Nilimwaga mafuta, nikaondoka."

"Kama hayumo, kwa nini uliufunga mlango?"

Maji ya rejeta yalikuwa yakichemka na kutoa sauti ndogo. Kaka yangu alitazama mtoni, upande ule alikookotwa Niyonkuru, kisha akatazama mikono yake.

"Gharibu alisema nifunge," alisema mwishowe.

"Nawe hukumuuliza."

"Gharibu haulizwi! Wewe unaishi Dar, unasoma, hujui. Mtu anayeuliza anapewa kazi ya mwisho." Akashusha sauti. "Anajua fundo lilikatwa na halikuonekana. Aliniuliza kama kuna mtu anayeweza kulitambua. Nilimwambia."

"Ulimwambia nini?"

"Data, na wewe." Data ndivyo tunavyomwita baba kwa Kiha. Aliliokota dumu. "Lakini amesema hana neno nanyi. Jumapili anakuja nyumbani kunywa na Data. Analeta mtungi mwenyewe. Ujumbe umekwenda tangu jana mchana. Wewe shika mrija tu, Vesti, mambo yaishe."

Msomaji wa mbali huenda asielewe kwa nini maneno hayo yalinitia baridi kuliko yote yaliyotangulia. Kwetu watu huketi kuuzunguka mtungi mmoja wa pombe ya ndizi, kila mmoja na mrija wake, na waliokunywa hivyo hawashitakiani. Haijaandikwa popote, wala hakuna anayeapa. Baba aliwahi kumwona ng'ombe wake kwenye zizi la mtu waliyekunywa naye wakati wa mavuno. Alisimama, akamwangalia yule ng'ombe, akamsalimu mwenye zizi na kurudi nyumbani. Gharibu hakuwa mtu wa kwetu. Alikuwa ameijifunza desturi hiyo kama mwizi anavyojifunza nyumba. Jana mchana, alisema Havya. Mlango wa Adija ulikuwa bado haujachomwa jana mchana. Mtungi wetu uliagizwa kwanza.

Baba nilimkuta uani akichonga mzinga. Alinisalimu kwa Kiha, akanishika kichwa kama anavyofanya kila nikirudi, na sikusema kitu siku hiyo wala kesho yake. Ijumaa Havya alipokwenda Kibondo mjini, niliiweka kamba juu ya gogo, kati ya vumbi la mbao.

Baba hakuigusa mara moja. Alivuta kigoda karibu. "Hili ni letu."

"Ego, Data," nilikubali.

"La mkono wa kushoto."

"Lilifunga mlango wa nyumba inayowaka. Ndani alikuwamo mtu."

Kidole chake gumba kilikwenda chenyewe mahali pale, na nikamshika mkono. "Usilifungue. Ni ushahidi." Hakusukuma. Alikiacha kidole pale pale, juu ya mahali ambapo kusukuma mara moja kungetosha.

"Watu wangapi walivuta?"

"Wengi."

"Na hakuna aliyejua pa kusukuma." Alisema hivyo kwa sauti ya chini sana. Kuku waliokuwa wamekimbia shoka walirudi kudonoa karibu na miguu yake. "Nimeletewa ujumbe wa mtungi, mwana wanje," alisema, akiniita mwanangu kwa Kiha. "Nilisema ndiyo. Nilifikiri mtu anakuja kumheshimu mwanangu kwa kazi yake."

"Unaweza kukataa."

"Nikatae niseme nini? Nina mtoto mmoja wa kiume. Wewe ndiye unayesoma sheria; atafanywa nini akitajwa?"

Nilijua jibu. Lilikuwa katika kitabu kilichokuwa ndani ya sanduku alilolifunga Havya mwenyewe. "Anaweza kunyongwa," nilisema.

"Na asipotajwa?"

"Zena yuko peke yake, Data. Ana siku arobaini."

Aliirudisha kamba mkononi mwangu na kuvikunja vidole vyangu juu yake. "Mirija itakuwa minne. Mmoja ni wako. Sitakulazimisha kuushika, wala sitakukataza kuuacha. Hilo ndilo ninaloweza."

Jumamosi nzima nilitafuta namna ya kuyakwepa yote mawili. Ningeweza kuituma kamba kwa mtu, bila barua. Ningeweza kurudi chuoni mapema. Niliwaza hata kumweleza mpelelezi kwamba fundo ni la Kibondo, bila kusema la nani, na nikaona aibu kwa sababu wazo hilo lilinipendeza kwa saa nzima. Kila nilipolikaribia, nilimwona Adija akisimama kikaoni na kusema maneno yake mbele ya watu wote, akiwa na unga wa chapati mikononi. Alijua wanaomsikiliza ni akina nani. Kisha nikaelewa kwamba nikisema, lazima nami niseme mbele ya watu. Kwa Kamati, shahidi anayejulikana na kijiji kizima ni kazi ngumu kuliko shahidi anayejulikana na mpelelezi mmoja. Jumapili baada ya ibada nilimwomba mwenyekiti wa kitongoji, Ndihokubwayo, na mama Esteri wa kwaya pamoja na wenzake wote, wapitie kwetu kunywa togwa.

Gharibu alifika saa saba mchana na watu wawili waliobeba mtungi uliofunikwa kwa majani ya mgomba. Shati lake lilikuwa jeupe. Havya alikuja nyuma yao, akitazama chini.

"Hodi kwa mzee wa nyuki!" Gharibu aliita. Aliuona uwanja umejaa wanakwaya, akasita kidogo, kisha akacheka. "Makubwa! Sikujua kama nafanyiwa sherehe."

"Karibu," alisema baba. "Majirani wamepita."

"Majirani ni baraka, mzee." Aliketi, akaufunua mtungi mwenyewe. "Mimi Mwislamu wa Ijumaa, leo Jumapili. Na mwenye kuleta pombe ndiye anayetangulia kuonja, sivyo? Havya amenifundisha." Alivuta mrija mara moja, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Hai bado. Haina sumu." Watu wake wawili walicheka. Mama Esteri hakucheka.

Baba alipewa mrija. Aliupokea kwa mikono miwili, kama anavyopokea kila kitu, akauweka juu ya goti lake.

"Mzee," Gharibu alisema kwa upole, "lile kopo lako la maziwa bado lipo? Nasikia mwaka huu karatasi zitakaguliwa upya. Watu wa zamani kama nyinyi mnahitaji marafiki wanaojua ofisi. Ndiyo maana nimekuja." Akanigeukia, akauchovya mrija wa nne kwenye mtungi na kuninyooshea. "Na msomi wetu. Au huko Mlimani mnatumia glasi?"

Mwenyekiti alicheka kwa adabu, kisha akaacha, kwa kuwa hakuna mwingine aliyecheka. Havya aliinua uso kwa mara ya kwanza. Alikuwa na mrija mdomoni na hakuwa akivuta. Katika macho yake nilimwona mtu yule aliyenibeba mgongoni kuvuka kijito wakati wa masika ili viatu vyangu vya shule visilowe, na nikafikiri kwamba nisingeweza kusimama.

Baba aliuchukua mrija wake kutoka gotini. Hakuupeleka mdomoni. Aliuweka chini, mchangani, kando ya mguu wake, bila kumwangalia mtu.

Nilisimama. Niliitoa kamba mkobani na kuiweka juu ya kiganja ili watu wote waione. Mkono wa Gharibu ulikuwa bado umenyooka, tone la pombe likining'inia kwenye ncha ya mrija.

"Sitakunywa," nilisema. "Mwenyekiti, mama Esteri, naomba mnisikie nyote ili kesho asiwepo wa kusema sikusema. Kamba hii ilifunga mlango wa Adija kule Kasulu, akaungua ndani. Fundo hili ni la nyumba yetu, na aliyelifunga ni kaka yangu Havyarimana. Aliyemtuma ni Gharibu, huyu hapa. Kesho asubuhi nitapanda gari la kwanza kwenda Kasulu, nimpe mpelelezi kamba hii na maneno haya, na nitayarudia mahakamani nikiitwa. Havya, kando yangu patakuwa na kiti. Ukija, utasema mwenyewe. Usipokuja, nitasema mimi."